Ardhi ya Padri, Mkarafuu wa Mize

Nyie wasichana mnaopika sasa pale chuoni, nawaona asubuhi mkipita mbele ya nyumba yangu na aproni nyeupe, mmependeza kama wakunga wa mjini. Mashaallah. Jiko la gesi, friji la kulala mtu mzima, mashine ya kukuna nazi. Na jioni nasikia mnalalamika mmechoka. Poleni sana. Mie nilipika hapo hapo kwa kuni mbichi, kanga moja kiunoni na moja kichwani, na moshi ukinitoa machozi ya watu watatu.

Mjukuu wangu Salma ndiye aliyenambia, "Bibi, andika, wasije wakadhani chuo kilishuka na mvua." Basi naandika. Skuli sikukaa sana, niliolewa kabla sijajua hesabu za kugawanya, na herufi zangu zimelala kama mbuzi waliokula muhogo mchungu. Atakayeshindwa kusoma aje niseme.

Chuo hicho cha teolojia cha Wakatoliki, chenye ghorofa na maktaba ya viyoyozi, kilianza ndani ya nyumba ya kupanga ya Mzee Faki, huku kwetu Kiuyu. Paa la bati bovu. Mvua ikinyesha mwalimu anasimama, anatazama juu, anasubiri Mungu amalize kusema kwanza. Mapadri walikuwa wawili, na mafrateri, yaani vijana wanaosomea upadri, walikuwa wachache, wote kutoka bara. Nilivyoelezwa, Askofu wao alitaka wasome dini yao mahali ambapo wao ni wachache, wapate kujifunza unyenyekevu. Wazo zuri. Unyenyekevu tulikuwa nao mwingi, na nafasi ya kuwagawia tulikuwa nayo.

Mkuu wa chuo wanamwita gombera. Gombera wa mwanzo alikuwa Padri Kasiani, mtu mrefu, mwenye haraka, anayetembea kama anayekimbizwa na siafu. Alizunguka kijiji kizima kutafuta mpishi. Wanawake wote wakawa na wagonjwa siku hiyo. Mie nikaenda. Jioni tu shoga zangu wakaanza: "Mize, ati wapikia kanisa?" Nikawaambia sufuria haina dini, ina masizi tu, na atakaye aje kunisaidia kuyasugua. Hakuja mtu.

Padri Kasiani akaniita "Mama". Wabara humwita kila mwanamke Mama, hata msichana wa kuuza vitumbua. Nikamwambia, "Baba Padri, mie Bi Mize. Mama ana wanawe, na wewe sikukuzaa. Ningekuzaa ungekuwa mfupi." Alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo nikawa Bi Mize. Mafrateri wengine ilibidi niwafundishe mmoja mmoja, na wengine wamekuwa mapadri na bado hawajafuzu.

Sasa nitawaeleza la chumvi, maana najua Ramadhani imekaribia na nyinyi mtapika chakula cha mchana mkiwa mmefunga. Kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, mashehe wanaruhusu. Mie sikutaka kusogeza ulimi karibu na mchuzi wa nazi tumbo linanguruma, kwa sababu naijua nafsi yangu. Nikamteua Frateri Boniventura awe mwonjaji. Kijana mpole, sauti yake kama anaomba radhi kwa kupumua.

"Frateri, chumvi vipi?"

"Imekolea, Mama."

"Bi."

"Imekolea, Bi."

Kesho yake tena imekolea. Siku ya tatu watu wakaiacha sahani wakanywa maji mpaka mtungi ukalia. Nikamtega. Nikampa mchuzi ambao chumvi haijauona kabisa.

"Chumvi vipi, Frateri?"

"Imekolea, Bi."

"Sijatia hata chembe."

Akafikiri. "Ndiyo maana," akasema, "imekolea bila kuzidi."

Basi wanangu, mwonjaji wenu msimchague kwa adabu. Tafuteni mwenye mdomo mchafu, mwenye kutukana chakula cha mama yake. Mtu mpole ni hasara jikoni. Boniventura sasa ni padri huko kwao, nasikia watu wanapanga foleni kuungama kwake. Naamini. Kila dhambi anaiona imekolea vizuri.

Na nyama. Nawasikia mkisema, "Siku hizi nyama inakuja imefungwa kutoka mjini, hatujali nani kachinja." Jalini. Toka siku ya kwanza nilimwambia Padri Kasiani kuku na mbuzi wa chuo atachinja Mzee Faki, basi. Kwa nini? Kwa sababu jirani akipita saa ya kula lazima akaribishwe, na akikaribishwa lazima aweze kula. Chuo ambacho jirani hawezi kula kwake ni gereza lenye vitabu. Padri alielewa hilo haraka. Ni kuhusu miti ndipo kichwa chake kilipogoma.

Baada ya muda nyumba ya kupanga ikawa ndogo, vijana wanalala miguu nje. Padri Kasiani akanunua shamba kwa Mzee Faki, ule mlima wote mnaoupanda asubuhi mkihema. Wakala halua, wakanywa kahawa, wakapeana mikono, na kila mmoja akaenda zake akiamini amemwelewa mwenzake.

Nyinyi ni wazaliwa wa hapa, lakini siku hizi mnazaliwa na simu mkononi, kwa hiyo niseme. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Shamba la mtu mmoja laweza kuwa na mkarafuu wa shangazi yake, mnazi wa jirani, na mwembe wa marehemu ambaye wajukuu wake wako Msuka. Aliyepanda kwa ruhusa ndiye mwenye mti, na warithi wake baada yake. Msimu ukifika kila mmoja anaingia, anatoa salamu, anachuma chake, anaondoka. Mti ukifa, basi, haki yako imekufa nao, na mahali pale pamerudi kwa mwenye ardhi. Hakuna aliyeandika. Nani aandike jambo ambalo hata watoto wanalijua?

Mkarafuu mmoja juu ya mlima ule ulikuwa wangu. Mama yangu aliupanda kwa ruhusa ya babake Mzee Faki. Mama alipokufa, kaka zangu wakachukua vya maana: shamba la bondeni, ng'ombe, nyumba. Mie wakanipa mti mmoja kwenye shamba la watu, tena wakasema, "Si haba, Mize." Si haba kweli. Mti ule ulizaa kwa hasira. Mwaka ambao mashamba yao yalikuwa yakitoa majani tu, wangu ulikuwa mwekundu toka kileleni mpaka chini, na kaka zangu wakaanza kunisalimia kwa adabu.

Binti yangu alipofariki aliniachia Salma, mdogo, bado anapangusia pua kwenye kanga yangu. Mshahara wa jikoni tuliula. Mkarafuu ndio uliomsomesha: viatu, madaftari, masomo ya ziada, mpaka baadaye chuo cha uuguzi Unguja. Sasa ni nesi, na simringishii mtu, ila mkiumwa nendeni mumwone, mtaelewa kwa nini natembea kifua mbele. Nawaambia haya mjue kwamba nikisema "mti wangu" sisemi kuni.

Msimu wa kwanza baada ya kununuliwa shamba, chuo kilikuwa kimehamia mlimani kwenye vibanda vya muda. Siku yangu ya mapumziko nikapanda mtini. Ndiyo, mie mwenyewe, na suruali ya marehemu mume wangu ndani ya gauni. Niko juu, upembo mkononi navuta tawi, pakacha limejaa nusu, nikasikia chini kelele:

"Mwizi! Mwizi wa karafuu! Shuka!"

Mafrateri watatu, mmoja na fagio, mmoja na kitabu kinene, sijui alitaka kunisomea nini. Nikachungulia kwenye majani.

"Nishuke niende wapi?"

"Shuka, mama, tunakuona! Hili ni shamba la chuo!"

"Mnaniona? Haya, niangalieni vizuri. Na ubwabwa wa kesho nani atawapikia, huyo fagio?"

Wakanitambua. Wa kitabu akakaa chini ya mti akajifunika uso. Lakini kelele zilikuwa zimemfikia Padri Kasiani, akaja mbio na kanzu yake nyeupe, na nyuma yake Mzee Faki, ambaye hakuja kwa ajili yangu, alikuja kuangalia kama kuna kuku wa kuchinja.

"Mzee Faki," Padri akasema, "niliponunua shamba hili, nilinunua nini?"

"Ardhi, Padri."

"Na miti?"

"Hukuniuliza miti."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee Faki akamtazama kwa huruma. "Kila mtu ajua, Padri."

"Mimi sikujua!"

"Ndio," Mzee Faki akajibu, "wewe umekuja juzi."

Ikajulikana kwamba mlimani kulikuwa na mikarafuu ya familia nyingi, na kila msimu mlima wa chuo unajaa ngazi, mapakacha, watoto, na kina mama wanaochambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, chini ya madirisha wakati mwalimu anaeleza Utatu Mtakatifu. Padri Kasiani akaona heri akubali. Tena akawaambia mafrateri wawasaidie wazee kuchuma, na hapo ndipo kijiji kilipoanza kukipenda chuo. Dini yao hatukuifuata, lakini kijana anayekushikia ngazi bila kuitikisa unamkumbuka kwenye dua zako.

Chuo kikakua. Kila mfadhili aliyekuja alileta lake: mmoja bweni, mwingine kisima, mwingine sanamu kubwa ambayo mbuzi wa jirani walipenda kulala kivulini mwake. Mwishowe ikaja kikanisa. Fundi mkuu akaja kutoka Dar na ramani ndefu kama jamvi, akaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia mboga bila kuomba. Akaweka kidole mahali. "Hapa ndipo altare."

Nikaangalia kidole chake. Kilikuwa juu ya mti wangu.

Padri Kasiani aliniita ofisini, akanipa kiti, na Padri akikupa kiti ujue kuna jambo. Akasema wafadhili wameshaiona ramani, wameipenda, kikanisa kikichelewa fedha zitakwenda kwingine, na bila kikanisa Askofu hatakipandisha chuo daraja. Akasema nitafidiwa vizuri.

"Siuzi."

"Bi Mize, ni mti mmoja."

"Na mie ni Mize mmoja. Salma yuko skuli, Padri. Fidia nitaila mwaka huu. Mti utazaa mwakani, na mwaka wa pili yake. Kata mingine."

"Mingine haiko kwenye altare."

"Basi sogeza altare. Yesu wenu alizaliwa zizini, hakuchagua pahala."

Hakupenda. Mie pia sikulala vizuri, msidhani. Nilijua kazi yaweza kuniponyoka, na nilijua kikanisa kikikosekana kijiji kitasema ni Mize aliyekwamisha. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona Salma akiwa mlangoni mwa skuli na sare fupi, anaambiwa arudi nyumbani.

Asubuhi watu wa fundi wakaja na msumeno wa mashine. Waliponikuta walisimama. Nilikuwa nimehamisha jiko. Mafiga matatu mbali kidogo na shina, upande ambao upepo unapeleka moshi nje ya matawi, maana sikutaka kuuokoa mti na msumeno halafu niuue kwa moshi. Sufuria kubwa ya wali. Sufuria ya mchuzi wa pweza. Nikatandika majamvi kuzunguka shina zima, nikaweka masinia, nikakaa.

Fundi akaja juu. "Wewe mama, toa vyombo vyako!"

"Bi. Na vyombo si vyangu, ni vya chuo. Wali ukiiva niite nani? Au nyinyi hamli?"

Watu wake wakatazamana. Ule mchuzi ulikuwa unanukia, wanangu, sitaki kujisifu, lakini hata msumeno ulizimika wenyewe. Kengele ya chakula ikagongwa. Mafrateri wakafika jikoni, wakalikuta tupu, wakafuata harufu. Wakakaa kwenye majamvi. Walimu nao wakaja, wakakunja kanzu, wakakaa. Wa mwisho watu wa fundi, wakakaa pia. Huwezi kumkata mtu mti juu ya kichwa wakati umeshika tonge lake.

Padri Kasiani alibaki amesimama. Nikampakulia. Akashika sahani, hajui aketi au anifukuze. Ndipo sheha akafika, kiongozi wetu wa shehia, niliyekuwa nimempelekea habari toka alfajiri. Akala kwanza, kama inavyotakiwa. Alipopangusa mkono akasema mkarafuu haukatwi kwa sababu tu mtu ameota ramani, kuna kibali, na kibali kinamtaka mwenye mti, na mwenye mti ndiye huyu anayegawa pweza.

Padri akageuka kwa fundi.

"Ukuta unaweza kupinda?"

"Padri, mimi nimesomea kujenga, sikusomea kukwepa miti."

"Unaweza au huwezi?"

Fundi akatazama mti, akatazama sufuria. "Mchuzi umebaki?" akauliza. Nikajua umekwisha, ule ugomvi, si mchuzi.

Ndiyo maana ukuta wa nyuma wa kikanisa umeingia ndani kwa duara. Wafadhili walikuja wakasema ni ubunifu wa hali ya juu.

Miaka ikaenda. Padri Kasiani akahamishwa, akaondoka akilia, mie nikamwambia asinimwagie machozi kwenye maandazi. Salma akamaliza uuguzi. Halafu mkarafuu ukaniumbua. Kilele kikawa njano, majani yakapukutika, na kabla ya msimu ukawa umekauka umesimama wima kama mtu aliyekufa kwa kiburi. Mikarafuu hufanya hivyo, hakuna dawa. Niliugua wiki nzima. Padri Kasiani alinipigia simu kutoka alikokuwa, hakusema "pole kwa mti". Alisema, "Bi Mize, pole kwa msiba." Nikamsamehe yote.

Wakaukata, wakang'oa kisiki. Likabaki duara la ukuta linalokumbatia hewa. Siku moja napita na sinia, namsikia frateri mgeni anawaeleza watalii kwamba mpindo ule ni mikono ya Mungu inayomsubiri mwana mpotevu. Nusura nimwage chai. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mtalii mmoja akafuta machozi. Nikapita zangu, mtu akishalia, ukweli unamsaidia nini?

Lakini pahala pale sikuwa na haki napo tena. Na gombera wa sasa, Padri Venansi, kijana, mtu wa mipango, akasema hapo ndani ya duara patawekwa tangi la plastiki la maji. Kubwa, jeusi. Mie nilikuwa nimeshastaafu. Nikakaa nyumbani nikajiambia, Mize, umekula mti ule, umemsomesha mtoto, wacha. Nikawacha usiku mmoja. Asubuhi nikamwambia Salma twende kitaluni.

Tukapanda mlima, yeye na mche wa mkarafuu kwenye mfuko, mie na fimbo. Padri Venansi akatukaribisha. Nilikuwa sijawahi kumwomba gombera kitu. Wao ndio waliokuwa wakiniomba chakula.

"Baba Gombera, ardhi ni yenu. Nimekuja kuomba ruhusa ya kupanda."

Akautazama mche. Alikuwa amesimuliwa, naona, maana hakukimbilia kujibu.

"Nikikuruhusu, utakuwa mti wa nani? Mara hii nauliza mapema."

"Wa Salma."

"Na wewe ukitutoka, Bi Mize, na sisi tukitaka kupanua kikanisa, tutagombana na Salma?"

"Mtagombana na Salma. Mie nilikuwa na sufuria tu. Huyu ana sindano."

Salma akainamisha kichwa kwa heshima, ya uongo. Nikaanza kutafuta fimbo yangu niondoke. Padri Venansi akainuka, akaenda mlangoni mwa darasa, akawatoa wanafunzi wote katikati ya somo. Akawapanga ndani ya duara la ukuta, akasema kwa sauti, "Shuhudieni. Ardhi ni ya chuo. Mti ni wa Salma na watakaomrithi. Tangi litakwenda nyuma ya jiko." Salma akachimba, mie nikapiga magoti nikaushika ule mche, na sikujali nani anaona.

Frateri mmoja mwenye miwani akainua mkono, maana hawa hawawezi kupanda hata bamia bila swali. "Na kivuli chake, Baba? Kivuli kitakuwa cha nani?"

Wanateolojia wote wakamgeukia Padri, wengine wameshaanza kubishana. Nikaona tutafika magharibi.

"Mwanangu," nikamwambia, "mkarafuu mchanga hauna kivuli cha kumpa mtu. Jua hili litauua kesho. Miaka ya mwanzo wenyewe ndio unaotaka kutiwa kivuli. Shuka bondeni ukalete makuti."

Akashuka mbio.